Namba ya Mama Mukwe

Siku ya yenga, 2 février 1986

Cahier mupya, basi niandike yote toka mwanzo.

Tulicheza tangu kutoka misa mpaka mvua ikaanza kupiga mabati. Nilicheka mpaka mbavu ikauma. Tulikuwa bantu ine: mimi, Léonard bwana yangu, Chola mwenye anatumika naye ku Gécamines, kampuni ya shaba, na Brigitte jirani yetu hapa Hewa Bora, mwenye anauzishaka samaki ya kukauka ku soko. Mchezo ni ule Liévin, mudogo ya Léonard, alituletea toka masomo yake kule Liège, ng'ambo ya bahari: kabuku ya Kifaransa na madé, dadu ya kutupa, ya kila namna, hata moja ya sura makumi mbili. Kila muntu anageuka muntu mwingine. Léonard ni chevalier, askari wa upanga. Brigitte ni mwizi — kazi anaipenda sana. Chola ni magicien, fundi wa uchawi, na anakufaka kila mara. Mimi ni maître: ninabaambia fasi baliko na kintu inabakuta. Muntu akitaka kufanya kintu ya nguvu, mimi ninasema namba, yeye anatupa dé. Akifika ku namba, anashinda. Akikosa, shauri yake.

Leo kulikuwa palavra, ubishi. Chola alitaka kuruka shimo. Nikasema kumi na tano. Akauliza ninatoaka wapi hizi manamba. Nikamuambia kabuku inasema maître njo mwenye anakata neno. Akajibu: basi maître iko na roho mubaya. Akatupa. Kumi na ine. Brigitte alianguka ku kiti.

Kisha, wakati tuko tunaosha masahani, Léonard akasema pole, kama muntu anazungumzia mvua:

— Mama iko mu train. Alipanda Kongolo.

Hakuna muntu anatoka Kongolo mpaka huku kusalimia tu. Miaka ine ya ndoa, mutoto hakuna. Niliendelea kupangusa sahani.


Siku ya ine, 6 février

Mama Wivine alifika. Mufupi, mweusi sana, mugongo wima kama mulingoti. Alileta mafuta ya mawese, samaki, kuku muzima mwenye alisafiri vizuri kumupita yeye. Tangu baba ya Léonard alikufa — alikuwa anatumika ku njia ya reli — anaishi peke yake na anakata maneno yote ya familia.

Ananiita «Mwalimu». Si Julienne, si mutoto yangu. Mwalimu, kama banafunzi yangu ku masomo.

Aliona madé juu ya kabati. Akashika ile ya sura mingi, akaigeuza karibu ya macho.

— Hii ni mifupa ya nganga gani?

Nikamuelezea. Nilielezea mbaya, maneno yote ilinikimbia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa rozari ku mufuko, akaiweka pale pale kando ya dé, akaenda kulala. Léonard alicheka kwa siri. Mimi, hapana.


Siku ya yenga, 9 février

Nilitaka tusicheze. Mama njo alisema: bale benzenu bamefika, mbona munabasimamisha ku mulango?

Alikaa nyuma yetu, anabambua karanga. Hakutuangalia. Chevalier ya Léonard alikuwa mbele ya mulinzi wa daraja, anamutisha na upanga, mulinzi anakataa. Mara sauti nyuma:

— Mbona hamuulizi kama amekula?

Sisi wote tukageuka. Akaendelea kubambua.

— Muntu anasimama ku daraja toka asubui. Umuulize kama amekula.

Chola alivuta kiti. Brigitte alimupa dé. Sasa Mama iko na muntu wake: muwindaji, jina Tambwe — ni simba, mu luga ya kwabo. Na Tambwe alishinda bintu yote. Alimupa mulinzi chakula, akapita. Alipanda ukuta. Aliruka lile shimo la Chola. Kila alipotupa, alishinda. Tulipiga makofi. Léonard alikuwa anang'aa kama mutoto.

Nimefurahi sana. Naona amefurahi pia. Nafikiri.


Siku ya kwanza, 10 février

Asubui alinisalimia na baridi. Sijui nilikosa wapi. Chai iliingia sukari, mukate ulikuwa ya leo.

Brigitte, njiani: «Julienne, ulikuwa unamupa namba ya kitoto. Hata kuku yake angeshinda.»

Nikamujibu: yeye ni mama ya bwana yangu! Ungetaka nimuangushe mu shimo, mbele ya mutoto wake?

Brigitte aliweka beseni ku kichwa, akaenda.


Siku ya tatu, 12 février

Tulitoka kupakwa majivu. Mu jikoni, Mama alikuwa anachagua makapi ya mchele. Bila kuinua kichwa:

— Chola alitaka kuruka shimo, ukamuambia kumi na tano. Mimi nilitaka kuruka shimo, ukaniambia ine. Shimo ilikuwa ile ile, ao ilikuwa ingine?

Nikasema ilikuwa ile ile.

— Sasa nani alijaza udongo ndani?

Nilisikia masikio inawaka. Nikasema nilitaka tu kumuheshimu.

— Mimi nilizala batoto saba, Mwalimu. Nilizika batatu. Bwana yangu alikuwa anaenda na train, juma mbili, juma tatu, nilikuwa ninalima peke yangu. Hakuna muntu alinijazia shimo. Leo unanijazia ya mchezo? — Akapuliza makapi. — Muntu banamuachia njia mbele ya wakati, ni muntu banaona amekwisha.

Hakuwa na hasira. Hiyo njo iliniuma zaidi.


Siku ya posho, 15 février

Juma yote nilikuwa ninawaza namba. Mbele ya batoto, hesabu ya kugawanya ku ubao, na mimi ninawaza: shimo la upana gani ni kumi? Upana gani ni kumi na tano? Mpaka sasa nilikuwa ninaangalia uso ya muntu, kisha ninasema namba. Chola anajisifu, ninapandisha. Léonard amechoka kazi, ninateremusha. Nafikiri namba haiko ya muntu. Ni ya shimo. Nguvu ya muntu, hiyo analeta mwenyewe: muwindaji ana miguu, magicien hana. Lakini shimo haijui nani anakuya.

Nilimuambia Léonard. Akasema: tujaribu basi. Mvua ilikuwa imekwisha, caniveau, mufereji mbele ya nyumba, imejaa mayi mekundu. Akaruka fasi ndogo: kwepesi. Fasi ya katikati: alifika, mukono ku udongo. Kisha akaenda kule karibu ya kwa Brigitte, fasi caniveau imebomoka. Nikamuambia hapana, Léonard, una suruali ya misa. Aliruka. Miguu ilifika, mwili ulikataa. Alianguka mu mayi na kishindo, mpaka bantu ya upande wa pili balitoka. Nikaenda kumuvuta, akanivuta mimi. Nilikaa mu matope na kikwembe, kitenge yangu ya muzuri, tunacheka kama balevi, na batoto banatuhesabia: moya, mbili, tatu, murudie!

Wakati niliinua macho, Mama alikuwa ku mulango, mikono ku kiuno.

— Hiyo njo kumi na tano? akauliza.

— Hiyo kumi na saba, Mama, Léonard alijibu toka mu mayi.

Aliingia ndani haraka sana. Nafikiri alikuwa anaficha meno.


Siku ya yenga, 16 février

Niandike mbele ya kulala, nisisahau kintu.

Tambwe alifika ku muto. Muto umejaa, daraja hakuna, kamba moja tu imefungwa ku miti. Nilikuwa nimekata namba yangu siku ya posho, mbele ya kujua nani atapita wa kwanza. Mama akasema: Tambwe anapita.

Nikasema: kumi na sita.

Chola aliangalia mabati. Léonard alinigusa muguu chini ya meza. Mama aliniangalia muda mrefu, akakunja dé mu mukono, akatupa.

Tatu.

Nilikuwa ninaweza kusema lolote. Maître njo anakata. Nikaeleza: kamba inateleza, Tambwe anaenda na mayi, upinde umekwenda, mufuko umekwenda, nyama yote ya safari imekwenda. Anapigwa ku mawe. Sauti yangu ilikuwa kama ya muntu anasoma tangazo la kifo.

Mama aliinama. Mabega yake ikaanza kutikisika. Nilifikiri analia. Léonard akasimama.

Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi, anapiga meza na kiganja, anasema: nyama yote! nyama yote pia! Nilikuwa sijasikia bado sauti hiyo. Brigitte alianza, Chola alifuata, na mimi pia, hata sijui kwa nini, mpaka tumbo ikauma.

Kisha akapangusa macho.

— Amekufa?

— Hapana, Mama. Anashika muzizi.

— Basi angali anacheza. Endelea, Julienne.


Siku ya ine, 20 février

Mama alinisaidia kupika. Yeye bukari ya unga, mimi sombe ya majani ya muhogo. Aliniambia neno akiwa anasonga, mwiko haukusimama hata kidogo.

Familia njo ilimutuma. Kule Kongolo bamemutafutia Léonard musichana wa kuoa, wa familia nzuri, bazazi wake bamekubali. Alipaswa kusema siku ile ile alifika.

— Nilikuwa nimechoka na train, alisema. Kisha kukakuwa mchezo.

Nikauliza Léonard anajua? Anajua toka Noeli. Alibaandikia hapana, mara mbili. Hakuniambia, alitaka nisiumie. Nilimukasirikia kidogo, na nilimupenda sana, vyote pamoja, mbele ya sufuria.

Mama akaniuliza: wewe unataka nini? Hakuna muntu wa kwabo alikuwa ameniuliza. Nikamuambia nataka mutoto, na nataka Léonard, na kama ni lazima nikose kimoja, nataka Léonard. Munganga wa hospitali alituambia hakuona ugonjwa kwa mimi wala kwa yeye, tungojee. Ninangojea. Lakini sitaki kungojea katika nyumba ya banamuke babili. Nitarudi kwa baba yangu. Nilisema hivi bila kulia. Sikutafuta neno ya kumupendeza.

Alitoa bukari ku moto.

— Ni kintu ya nguvu, akasema.

— Ni nguvu, Mama.

Alikata bukari, akaweka fungu kubwa ku sahani yangu. Kisha akaniambia: baba mudogo Dominique, ndugu ya baba ya Léonard, iko mu train. Anakuya kuchukua jibu.


Siku ya yenga, 23 février

Naandika ku meza ya mchezo. Bado haijakwisha, lakini siwezi kukaa na mikono tupu.

Baba Dominique aliingia katikati ya mchezo, mu koti abacost ya kijivu, mavumbi ya train ku mabega. Tukasimama wote. Nilimuletea kiti, mayi ya kunawa, bière. Alikunywa pole pole. Aliangalia madé, aliangalia Mama, mwenye alikuwa anamufundisha Chola namna ya kufuata nyayo ya nyama. Akauliza, mbele ya kila muntu:

— Wivine, lile neno, ulilisema?

— Nililisema kwa mwenye linamuhusu, Mama akajibu. Kwa wewe bado.

Wakaingia mu chumba: yeye, Mama, Léonard. Mimi, bibi yake, ninabaki inje, desturi ni hivi kwabo na kwetu. Mulango ulifungwa. Chola na Brigitte hawakuenda. Brigitte alianza kukunja nguo zangu za kukauka, hakuna muntu alimuomba. Chola anabambua karanga, anaweka mbegu zote upande wangu.

Sauti ya Baba Dominique, nzito. Sisikii maneno yote. «Familia.» «Musichana anangoja.» Léonard anajibu mufupi. Hapana. Hapana tena. Kisha Mama. Sauti yake ni ya chini, haiharakishi, kama ile anatumiaka na mulinzi wa daraja na kila muntu wa kufikirika mu mchezo. Nasikia: «Shemeji, umekula toka gare ya Kamina?» Brigitte ameniangalia. Mimi nimeangalia meza.

Sasa anasema mambo yangu. Nasikia jina yangu. Si Mwalimu.

Baba Dominique amepandisha sauti: maneno haya hayakatwi na bibi! Mama amejibu kintu, sikusikia. Kuna muntu anavuta kiti, inasuguana na ciment. Walikuwa na viti vitatu, banaleta ya ine toka kando ya kitanda.

Mulango umefunguka. Léonard, jasho ku uso, lakini macho yake ni macho ya siku ya caniveau.

— Mama anasema uingie.

Ninaona ndani toka hapa. Kiti haikuwekwa mbele yao, kama ya muntu anahukumiwa. Iko kando ya Mama, karibu sana, na yeye amesogeza kikwembe yake ili nipate kupita. Baba Dominique ameinamisha kichwa, anazungusha kofia mu mikono. Mama anagonga kiti na kiganja.

Ninaenda.