Siku Tano za Taa Nyekundu

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto. Mgongo wako je, umepata nafuu? Ukiniuliza mimi, nitakujibu kama ninavyomjibu kila mtu, kwamba sijambo. Lakini soma kwanza.

Bado niko maabara ya hospitali, chumba cha mwisho kwenye korido. Wenzangu wawili walihamishwa, nimebaki na mashine. Nazungumza nazo, usinicheke. Mwezi uliopita tuliletewa kisanduku chenye vihisio vya umeme vya kutambua bakteria. Zamani tulikuwa tunauotesha mkojo wa mgonjwa kwenye kisahani, tunasubiri siku mbili vijidudu vikue, ndipo tujue kama una bakteria. Hiki kinajibu kabla chai haijapoa. Taa ya kijani, salama. Nyekundu, wamo.

Utaratibu ni kwamba kila asubuhi, kabla ya wagonjwa, kinajaribiwa kwa mkojo wa mtu asiyeumwa. Mtu huyo ni mimi, nani mwingine? Wiki jana kikawaka nyekundu. Kesho yake tena. Siku tano mfululizo! Nikaandika daftarini kwamba ni kibovu. Daktari mkuu akaja juu, akasema tumeuziwa mbuzi kwenye gunia, kirudishwe Ijumaa. Fundi aliyekileta, maskini, alikifungua mara tatu, akakuna kichwa, akaniuliza kwa upole kama nina hakika na sampuli yangu. Nikamwambia nina hakika kabisa, tena kwa ukali.

Nilidanganya, Kaka. Siku ya pili tu niliuotesha mkojo wangu kwenye kisahani, nikawaona bakteria wamejaa tele. Homa ninayo, kiuno kinauma hata kuinama siwezi. Nikanyamaza, nikamwacha fundi wa watu asemwe, na wagonjwa warudi kusubiri siku mbili kwa sababu yangu.

Leo asubuhi uzalendo ulinishinda. Nikamfuata daktari, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alinishika paji la uso, na mimi nikalia kama mtoto, maana sikumbuki mara ya mwisho kuguswa na mtu. Kifaa kinabaki. Mimi nalazwa kesho kwa siku kumi. Ugonjwa umeshafika kwenye figo.

Unajua nilichokuwa nakiogopa? Wala si sindano. Ni ile fomu ya kulazwa, pale panapoulizwa ndugu wa karibu. Tangu tugombane siku ya mazishi ya mama, mwaka wa tatu huu, sikujua nimwandike nani. Niliyokutamkia siku ile yalikuwa mabaya mno, na nilikuwa mwongo. Nisamehe. Leo nimeandika jina lako bila kukuomba. Kama hutaki, waambie walifute, sitakulaumu.

Msalimie sana wifi. Watoto wabusu wote, na yule wa mwisho mwambie shangazi yupo, ingawa hajawahi kumwona.

Wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Wageni wanaruhusiwa kuanzia saa kumi jioni.

Mdogo wako,
Chiriku