Mondo wa Bondeni kwa Mama

Marani, 8 Machi 1971

Mwanangu Ratemo,

U mzima huko Nairobi? Huku sisi wazima, na nikisema sisi ni mimi na kuku. Tangu baba yako atutoke na dada yako Nyamusi aolewe Keroka, nyumba imekuwa kubwa mno. Mwenzangu ni mondo, yule paka wa mwitu mwenye madoa na miguu mirefu. Jioni hutoka kwenye matete bondeni kuwinda panya, nami hukaa mlangoni nikimtazama. Ile miche ya mikaratusi uliyonitumia ili nipate kuni nimeipanda kulekule kwenye majimaji, kama ulivyosema. Njoo uione.

Mama yako, Tryphosa

Nairobi, 2 Juni 1972

Mama mpendwa,

Samahani kwa kimya changu. Miguu yaendeleaje? Ofisi yetu ya wanyama inataka kujua kama mondo wamebaki huko Kisii, maana mashamba yamefika kila mahali. Nilipowaambia mama yangu anaye mmoja, mkubwa wangu alicheka, kisha akaniahidi gari. Nitakuja Desemba. Usikubali auawe.

Mwanao

Marani, 20 Novemba 1972

Mwanangu,

Hujambo? Miguu inauma, ila kanisani siku ya Sabato inanifikisha. Nyumba nimeikandika upya na godoro lako nimelianika. Jirani yetu Momanyi alileta mtego, eti mondo kamlia kuku. Nikampa jogoo wangu ili aache. Sasa soko zima linanicheka. Na wacheke. Nakungoja.

Mama yako

Nairobi, 5 Mei 1973

Mama,

Habari za siku nyingi? Nisamehe, Desemba gari lilipelekwa kwingine. Mondo yupo bado?

Mwanao

Marani, 14 Septemba 1975

Mwanangu,

Nakusalimu, nikiomba u mzima. Mikaratusi imepita paa. Imekunywa maji yote, matete yamekauka, na panya wamehamia ghalani kwangu. Mondo sijamwona tangu tuvune wimbi. Sikulaumu, bonde zima watu wamepanda hiyohiyo. Jioni ni ndefu sana, Ratemo. Hata kama hayupo, wewe njoo.

Mama yako

Nairobi, 3 Februari 1976

Mama mpendwa,

Natumaini hujambo. Habari yako imetusaidia sana. Tumeandika kwamba Marani hakuna tena mondo, na safari imefutwa. Gari litakwenda mahali ambapo wangalipo. Kuni sasa zinatosha?

Mwanao

Marani, 29 Februari 1976

Mwanangu,

Kuni zinatosha. Jioni bado nakaa mlangoni.

Mmeandika kwamba huku hakuna tena. Mimi nipo.

Mama yako