Saileji ya Profesa

Shoga, shemeji ametuaibisha leo, hata sijui nianzie wapi!

Tangu mume huyu wa dada ahudhurie semina ya siku mbili, anajiita Profesa wa malisho. Mama alimwambia mahindi mabichi ya saileji, chakula cha akiba cha ng'ombe, yakatwe, yashindiliwe shimoni mpaka hewa yote itoke. Akamjibu, "Mama, hayo ya kizamani." Akafunika nailoni juujuu, basi.

Leo kaalika majirani waje kujifunza saileji. KAWAALIKA mwenyewe! Kufunua tu, uvundo ukatutoa machozi. Nyeusi tii, imejaa ukungu.

Eti, "Hiyo ndiyo harufu ya kuiva." Ya kuiva! Ng'ombe kanusa, kageuza shingo.

Sasa sikia. Kichwa maji akachota ndoo, anataka kumlisha kwa nguvu yule ng'ombe mwenye mimba! Mama akasimama mbele ya hori: "Akila ukungu huu, mimba itaharibika. Onja wewe kwanza."

Wote wanamtazama.

Unajua alisema nini? "Mimi nimeshiba."

NIMESHIBA!

Mama alichukua panga akaenda kukata majani mabichi, na majirani wote wakamfuata yeye.