Kuni za Mama

Masukulu

Kaka Anyosisye,

Huku mvua haijakatika tangu Jumapili. Ng'ombe wako amezaa dume. Mimi nimechoka, kaka, maana Mama hatulii. Daktari alimkataza kazi nzito kwa ajili ya moyo. Kesho yake nikamkuta migombani akipasua kuni. Nimemfichia shoka mara mbili, akaenda kuazima kwa jirani. Kibanda kimejaa, na hataki tupikie hata kijiti kimoja.

Jana nilimfokea: "Kuni zote hizi za nini?"

Akanijibu taratibu, "Wakija kunizika kwenye mvua kama hii, watapikia nini, mwanangu? Sitaki walie kwa moshi."

Nimemrudishia shoka. Njoo kabla kuni hazijakauka.

Mdogo wako,
Ikupa