Chipu Yako na Zizi la Baba Yangu

Mjukuu wangu Naserian,

Salamu zikufikie huko kwenye baridi. Hapa Ganako tu wazima. Mama yako amevuna maharage, na goti langu bado linanisumbua.

Unauliza baba yangu alijuaje kwamba ng'ombe amepotea bila kuhesabu, maana chipu ya kompyuta mnayoibuni huko kazini inaiga ubongo: hukaa kimya, haili umeme, huamka tu kitu kinapobadilika. Unataka kuwaeleza wakubwa wako.

Nilikuwa mwanachuo likizoni, kule Enguserosambu. Jioni baba alisimama langoni mwa zizi akitazama ng'ombe wakiingia. Mtaalamu aliyeletwa kukagua mifugo alimwuliza idadi. Kwetu wafugaji, kuhesabu ng'ombe ni mwiko.

"Mzee, asiyehesabu hajui alichonacho," alisema mtaalamu akicheka.

"Wewe, mwanangu, watoto wako huwahesabu kila jioni?" baba alimjibu. "Yule mweupe mwenye pembe iliyovunjika hajaingia. Hilo nalijua."

Nikamhutubia yule mtaalamu, kwa hasira zote za chuo: nani aliwapa haki ya kuita ujinga kile wasichokielewa? Alirudi mjini akasema wafugaji hawa hawajui mali yao, na hatima ya malisho yetu ikaamuliwa bila sisi, na zizi la baba likavunjwa.

Leo ujinga uleule unaitwa kompyuta ya kesho.

Waeleze, mjukuu wangu. Jicho lililozoea kundi halihesabu, huona pengo. Wakiuliza umejifunzia chuo gani, waambie ni zizi ambalo halipo tena, na waliolivunja walikuwa na vyeti.

Bibi yako