Masikio ya Madume ya Baba

Kwako Idrisa, ambaye nusura niwe mkeo,

Ninakuandikia ili kukujulisha kwamba nakuja kuyachukua malisho ya baba yangu, na kwamba nitayachukua mbele ya watu. Nimeichagua barua ya wazi, itakayosomwa katika mitaa ya Yeoville, Troyeville na Kensington kabla haijakufikia wewe mwenyewe, kwa sababu simu zangu huzipokei, na kwa sababu dhuluma uliyotufanyia hukuifanya faraghani. Uliifanya kando ya barabara kuu, magari yakipita.

Wapo watakaosoma ambao hawakujui kama ninavyokujua mimi. Kwa ajili yao, niruhusu nianze pale ulipoanza wewe.

Ulishuka kwenye bakki ya baba, lile gari lake dogo la mizigo, ukiwa na begi moja na viatu vya mjini. Baba yangu, Mzee Kombo wa Handeni, alikuwa na bucha Bertrams, na nje ya jiji, upande wa kusini, alikodi malisho kwa mzee mmoja Mzungu wa Kiafrikana ili afuge ng'ombe wa Idi Kubwa kwa ajili ya watu wetu. Hakujaliwa mtoto wa kiume, na sikumsikia hata mara moja akilalamika. Alimnunulia dada yangu Zuhura farasi mfupi kutoka kwa mfugaji mmoja Mosotho, akanifundisha mimi kumvuta ndama tumboni mwa mamaye, na wanawake wa mjini walipomuuliza nani ataoa wasichana wanaonuka zizi, aliwajibu, "Atakayewaoa atanuka zizi pia."

Tulidhani ni wewe.

Unakumbuka siku ya kwanza ulipotaka kumpanda yule farasi ili unionyeshe uhodari? Zuhura alikuonya kwamba hapendi kupigwa visigino. Ukampiga visigino. Ulipokuwa umelala chali kwenye majani, dada yangu alikuinamia kwa adabu zote akasema, "Kaka Idrisa, farasi yuko kule. Hapo ulipopanda ni Afrika Kusini." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nawe ulicheka, na uso wako ulipocheka ulikuwa uso mwema. Siwezi kukunyima hilo, ingawa ningependa.

Unakumbuka pia wewe na mimi alfajiri ya baridi ile, barafu imeweka weupe juu ya majani yote, na yule ng'ombe mwekundu tuliyemwita Bahati akishindwa kuzaa. Nilikuwa nimeingiza mkono hadi begani. Wewe ulinishika kiuno nisiteleze, ukihesabu pumzi zake kwa sauti kama mtu anayesoma uradi. Ndama alipotoka hakupumua. Ulimfuta pua, ukampuliza, kisha ukavua koti lako la pekee ukamfunika, nawe ukabaki na shati ukitetemeka. "Mwanaidi," ukaniambia, meno yakigongana, "huyu akiishi, nakuposa." Akaishi. Ukaniposa. Baba aliomba usubiri nimalize chuo, ukasema utasubiri hata kama ningesomea udaktari wa nyota.

Sasa nakukumbusha jambo la tatu, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kila mwaka kabla ya Idi, watu wetu hukutana kwenye uwanja wa mazizi kuchagua wanyama, na hakuna anayetoa neno lake mpaka Mzee Shaabani apite. Yeye ni mzee wa Tanga anayewachagulia familia nyingi. Wasiojua ng'ombe humtegemea. Humtembeza mnyama aone kama anachechemea, humtazama macho, humfungua kinywa, kisha huyapitisha masikio yote mawili kati ya vidole vyake, taratibu, kuanzia shinani hadi nchani. Kwa madhehebu yetu, dume aliyekatwa kipande cha sikio hafai kuchinjwa kwa udhiya, ile sadaka ya Idi. Ndiyo maana baba hakukubali kamwe kuwatoboa wala kuwachanja ng'ombe wake. Aliwatia alama ya wino kwa sindano upande wa ndani wa sikio la kushoto, karibu na ncha: herufi K ndogo, ambayo huioni mpaka uligeuze sikio.

Ulipomwona Mzee Shaabani kwa mara ya kwanza, ulishindwa kujizuia. "Mzee," ulimwita, "unamnunua ng'ombe au unatafuta stesheni ya redio?"

Watu waliangua kicheko, hata baba. Mzee Shaabani hakugeuka. "Natafuta, mwanangu," akasema. "Nikiipata nitakuongezea sauti."

Kisha baba akafariki.

Sitaandika mengi kuhusu kifo chake, kwa kuwa wewe ulikuwepo, ulibeba jeneza, na ulilia machozi ambayo hadi leo sijui niyaweke wapi. Siku ya hitma ya arobaini, sisi sote tulikuwa Troyeville tukihudumia wageni. Mama alikuwa edani. Wewe ulisema unabaki shambani kuwaangalia ng'ombe, nasi tulikushukuru. Nilikutumia pilau, Idrisa. Nilikuchagulia nyama mwenyewe.

Kesho yake tuliwakuta ng'ombe wazee barabarani, nje ya geti. Geti lilikuwa na kufuli jipya. Ndani ya uzio, madume wadogo walikuwa wakilia; nje, mama zao wakiwaitikia, matiti yamevimba, na malori yakipiga honi ili yapite. Bahati alikuwa amesimama na paji la uso limeegemea vyuma. Nilikupigia simu nikikuona kwa macho yangu, upo hatua chache kutoka kwangu, na ukapokea kana kwamba uko nchi nyingine.

"Mwenye ardhi ameniandikia mimi mkataba," ulisema. "Hao wadogo ni jasho langu. Wazee nimewaachia nyinyi."

Nikakuuliza kama umerukwa na akili.

"Mwanaidi, wewe unasomea digrii. Tafuta ofisi. Hii si kazi ya msichana msomi."

Mwenye ardhi mwenyewe alinieleza baadaye, kwa aibu iliyomstahili, ulichomwambia: kwamba nyumba ya Mzee Kombo imebaki na wanawake watupu, na kwamba mwezi haungekwisha kabla hatujauza kila kitu na kurudi kwetu. Kwetu wapi, Idrisa? Mimi nilizaliwa hapa.

Nilitaka kwenda polisi siku ile ile. Mama alitusihi, akiwa kwenye nguo zake za eda, tusimpeleke mtu kituoni msiba ukiwa bado mbichi. Tulimtii. Ulikuwa mchumba wa bintiye. Ulijua vizuri kabisa kwamba angesema hivyo, na ulijua eda ni muda mrefu kiasi gani. Eda ilipokwisha, kama nilivyokuja kuona baadaye, ushahidi wetu ulikuwa umekwisha kuuondoa kwa kisu.

Lakini kuna jambo hukulijua. Wale ng'ombe uliowatupa barabarani kwa kuwaona vikongwe, mimi nilikuwa nimewapima kwa mkono wangu nilipokuja likizo, kama sehemu ya mafunzo yangu ya mifugo chuoni. Karibu wote walikuwa na mimba. Ulibaki na watoto waliokwisha kuzaliwa, ukatupa waliokuwa njiani.

Zuhura aliwaswaga kwa farasi kando ya barabara hadi kwenye kiwanja chenye mawe tulichokodishiwa kwa huruma. Nilisoma usiku na kuwakatia majani mchana. Walizalia pale. Koti lako lilikuwa bado nasi. Nililitandika chini ya kila ndama, na limechafuka sasa kiasi ambacho hata wewe usingelitambua. Tumelia mara chache. Tumecheka mara nyingi zaidi, hasa tangu alipokuja Ramazani, fundi cherehani wa Yeoville, Mkongo wa Kasongo, aliyefuatilia kipimo cha gauni la Zuhura mpaka zizini akiwa amevaa viatu vinavyong'aa kama kioo. Alisimama nyuma yangu, amenishika mkono.

"Dada, ule ngombe ananiangalia mubaya."

"Ni jike, shemeji. Ana haya tu."

"Hapana. Ule anajua nilikula ndugu yake jana."

Huyo anayeogopa ng'ombe, Idrisa, amekesha nasi kila ndama alipozaliwa. Ameshona mapazia ya zizi kuzuia upepo. Ameoana na dada yangu na ananuka zizi, na mke wake humwambia hivyo mbele za watu. Mimi bado sijaolewa. Sitakuandikia kwamba sikukosi kamwe. Barua yangu ni ya kisasi, si ya uongo. Nakukosa alfajiri za baridi. Halafu namkumbuka Bahati na paji lake kwenye vyuma, na moyo wangu unarudi mahali pake.

Idi mbili zilizopita hukuthubutu kuja uwanjani. Ulikuwa ukiwauza mmoja mmoja kwa wachinjaji wa kawaida wasiogusa masikio. Mwaka huu umetangaza katika kila saluni ya Yeoville kwamba unaleta "ng'ombe wa Mzee Kombo, malezi yale yale." Jina la baba yangu, Idrisa. Umelichukua na hilo.

Nilipolisikia nilipanda farasi pamoja na Zuhura, tukapita kando ya uzio wako mchana kweupe. Madume walitujia. Yule uliyemfunika kwa koti lako alikuja wa kwanza, amekuwa mkubwa kama kabati, akanilamba mkono kupitia waya. Nililigeuza sikio lake la kushoto ili nione herufi ya baba. Ncha ya sikio haikuwepo. Nikamtazama wa pili, wa tatu. Wote. Uliikata alama ili usitiwe mbaroni, na kwa mkato ule ule ukawaharibia udhiya. Zuhura alitaka kukata waya tuwatoe. Nikamwambia, "Mwache aendelee kutangaza."

Nimeambiwa unachosema pale saluni: kwamba Mzee Shaabani ameingiwa na ukungu machoni, haoni tena. Ni kweli. Nilimtembelea wiki hii, nikampelekea mtindi, akanitambua kwa sauti. Ila wewe uliyecheka zaidi ya wote siku ile, ulipaswa kukumbuka kwamba masikio hakuwahi kuyatazama.

Basi hali ni hii. Mkataba wako unakwisha Idi ikipita, na mwenye ardhi amenithibitishia kwamba atayatoa malisho kwa yule atakayeweza kumlipa kodi ya msimu mzima kwa mkupuo. Wewe unategemea madume waliokatwa. Mimi nategemea ndugu zao, wana wa wale vikongwe wako, waliotimiza umri wa kuchinjwa mwaka huu, masikio yao mazima, na ndani ya kila sikio la kushoto K ya baba niliyoitia kwa mkono wangu. Nimekodi zizi linalopakana na lako. Nimekwisha mwomba Mzee Shaabani aanzie kwako.

Usipokuja, kila aliyesoma barua hii atajua sababu. Ukija, itasemwa na vidole vya mzee. Sikuachii njia ya tatu; na wewe hukutuachia hata ya pili. Shahada yangu nimeipata, kama ulivyotaka. Nitalivaa joho lake siku nyingine. Siku hiyo nitavaa buti za baba.

Waambie vijana wako wafunge kamba vizuri, maana yule wa kwanza akinisikia atavuta kuja upande wangu.

Mimi, aliyekuchagulia nyama ya hitma,
Mwanaidi binti Kombo

Tukutane uwanja wa mazizi, Jumamosi inayotangulia Idi, saa tatu kamili asubuhi.