Wanafunzi Wametulia, Daftari Liko Tupu, na Mimi Natakiwa Kujieleza

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla ya Jumatatu, maana ndiyo siku niliyopewa kupeleka maelezo yangu kwa maandishi, na mimi ambaye kazi yangu ni kuwaandikia wengine barua, leo ya kwangu imenishinda.

Mimi ni karani wa shule ya sekondari, mwaka wa tisa sasa. Nilisoma hadi kidato cha nne, na tangu nikiwa mwanafunzi naandika shajara, tarehe juu, yaliyotokea chini, bila kuruka siku. Shuleni kwetu kuna daftari jekundu la nidhamu, ambamo mwalimu wa nidhamu huandika kila kosa na jina la mkosaji, na kila Ijumaa asubuhi majina husomwa mstarini na waliotajwa hutoka mmoja mmoja wakachapwa au wakafyeka nyasi huku wenzao wakiwatazama. Mwanzoni mwa muhula mwalimu huyo alivunjika mguu, akapewa mapumziko ya miezi mitatu, na mwalimu mkuu akaliweka daftari mezani kwangu akasema, "Mama karani, wewe kusanya majina tu kutoka kwa walimu. Adhabu atazitoa mwenyewe akirudi."

Kabla sijaandika jina hata moja nilifungua kurasa za mwaka uliopita nikahesabu, nikakuta karibu makosa yote ni ya watu kumi na tisa wale wale, nikajiuliza hii ni dawa gani ambayo mgonjwa huinywa kila Ijumaa na Jumatatu anarudi na homa ile ile. Basi tarehe 17 ya mwezi wa kwanza nikamwita msichana wa kidato cha tatu ambaye wenzake humwita Bi Harusi, kwa sababu hafiki mpaka watu wote wawe wameshaketi, nikamwambia kuanzia kesho kengele ya asubuhi ni yake.

"Mama karani, unanitania."

"Sikutanii. Ukichelewa wewe, shule nzima imechelewa."

"Na nikichelewa kweli?"

"Tutasimama tukusubiri. Si ndiyo kawaida ya maharusi?"

Siku ya kwanza alichelewa. Wanafunzi mia sita na walimu wao walisimama uani dakika saba wakitazama lango, mwalimu mkuu akanitazama mimi, mimi nikatazama viatu vyangu, na msichana alipoingia akikimbia hakuna aliyemwambia neno. Tangu siku hiyo kengele haijachelewa hata mara moja.

Nikaendelea hivyo hivyo. Kijana anayeitwa Spika, aliyekuwa akiandikwa kila wiki kwa kelele, nikampa matangazo ya asubuhi ayasome, na aliyekuwa akichora ukuta wa maktaba nikampa rangi na brashi aandike namba za madarasa, akaziandika vizuri mno, na sasa akimwona mtu ameegemea mlango wenye namba yake anamfukuza. Walimu waliniletea majina kama kawaida, lakini kila aliyekosa nilimwandika kwenye shajara yangu, si kwenye daftari jekundu, nikakaa naye wakati wa mapumziko kwenye benchi la ofisini tukatafuta alichoharibu na namna ya kukitengeneza, na nikamwahidi kwamba yakiisha hapo benchini yameisha. Mwalimu mkuu akiniuliza daftari linaendaje, nilijibu, "Linaendelea." Wiki ya kwanza makosa yalikuwa arobaini na moja, wiki ya tano kumi na sita, wiki ya kumi mawili.

Halafu ikaja Ijumaa ya tarehe 31 ya mwezi wa tatu. Mwalimu mkuu alisimama mbele ya mstari akawauliza walimu nani ana jina la wiki hii, wakatazamana, hakuna aliyenyoosha mkono, akauliza tena, mpaka Spika aliyekuwa amemaliza matangazo akasema kwa ile sauti yake isiyohitaji kipaza, "Basi tuingie darasani, tunasubiri nini?" Walicheka wote, na walimu pia, kisha wakaingia kwa mistari iliyonyooka bila mtu kuwasukuma. Nilirudi ofisini nikafunga mlango nikalia kidogo, na kwenye shajara nikaandika maneno mawili tu: "Leo tumeshinda."

Jumatano iliyofuata mwalimu wa nidhamu akarudi akitembelea gongo, akafungua daftari jekundu, akakuta kurasa nyeupe.

"Miezi mitatu shule nzima ni malaika?"

"Hapana, mwalimu. Walikosa, lakini wamejirekebisha."

"Nani na nani? Nipe majina."

"Humo kwenye daftari hayamo."

"Basi hukufanya kazi, mama. Uliambiwa uandike majina, hukuambiwa ugawe vyeo."

Siku hiyo hiyo akaichukua kengele kwa Bi Harusi akaifungia kabatini, na mwalimu mkuu akaniambia nilete maelezo Jumatatu, na yasipomridhisha atatafuta karani mwingine.

Mshauri, nikiitoa shajara, majina yote yamo na tarehe zake, na mwalimu ameshasema atayasoma Ijumaa bila kuruka hata moja, watoto walioniamini wachapwe kwa makosa waliyokwisha kuyatengeneza. Nisipoitoa, kazi inaondoka na kila kitu kinarudi kule kule. Tena humo nimeandika na mambo yangu, kwa mfano tarehe 2 ya mwezi wa pili: "Tangu mwalimu wa nidhamu aende likizo, kelele zimepungua kwa mtu mmoja." Nimefikiria kuchana kurasa. Nifanyeje?

Karani aliyekwama


MSHAURI ANAJIBU

Mama karani, pokea kwanza pongezi, kisha ukae vizuri usemwe.

Pongezi ni zako kwa sababu umefanya kwa benchi moja kazi ambayo fimbo ilishindwa mwaka mzima. Watu kumi na tisa walioonekana sugu wameishika shule mikononi na haikuvunjika. Mahali pa Spika nimepasoma mara mbili, na mara zote mbili nimecheka peke yangu.

Sasa kosa lako. Wewe mpenda tarehe umeshinda ukaficha ushahidi. Ulidhani unawafichia watoto makosa, kumbe umewafichia ushindi wao. Nani atajua kwamba mmefika sifuri kama hajui mlianzia arobaini na moja? Daftari tupu linasema jambo moja tu, kwamba karani alilala, na mwalimu hakukosea kulisoma hivyo. Na lile jibu la "Linaendelea" lilikuwa uongo, mama, tena wa kila wiki. Mwanafunzi angekujibu hivyo ungemweka benchini.

Usichane ukurasa hata mmoja. Shajara ni yako, ibaki kwenye mkoba wako, lakini tarehe na hesabu ni za shule. Fungua daftari jekundu leo, andika juu kabisa tarehe ya leo na kwamba unanakili kutoka kumbukumbu zako, usijifanye uliandika siku ile. Kisha ujaze wiki baada ya wiki: makosa mangapi, ya aina gani, mkosaji alitengeneza nini. Majina usiyaandike. Hesabu haina mgongo wa kuchapwa. Ukidaiwa majina, sema kwa adabu kwamba uliahidi, na kama kuna adhabu iliyobaki ni yako wewe, kwa kuficha jambo uliloagizwa kuliandika. Sema hivyo hivyo na usilie.

Na kabla ya Jumatatu, nenda kwa mwalimu wa nidhamu. Mtu amelala miezi mitatu mguu juu ya mto, anarudi na gongo, anakuta shule imenyooka bila yeye na hakuna aliyemwambia. Nani asingenuna? Ulipaswa kumpelekea habari kule kule alikolala. Mwombe radhi kwa hilo, mwonyeshe hesabu zako kabla hazijafika kwa mkuu, kisha umwombe jambo moja: kengele airudishe yeye, kwa mkono wake, mbele ya mstari. Wewe usiiguse. Akiitoa yeye, hatakuwa na sababu ya kuifungia tena. Yale uliyoandika kuhusu kelele zake, ufe nayo.

Akikataa, usibishane naye. Jumatatu fika mapema, weka daftari wazi mbele ya mwalimu mkuu kwenye ukurasa wa wiki ya kumi na moja, ile ya sifuri, na umwombe kabla hajaamua atoke nje asimame uani, awatazame wale mia sita wakiingia darasani. Kisha nyamaza. Umetetea watoto muhula mzima, sasa ni zamu yao kukutetea, na watafanya hivyo kwa miguu yao.